Jenomiki Muhimbili Isiishie kwenye Miradi

Katika magonjwa yote ya kurithi, selimundu ndio uliotangulia kujulikana chanzo chake hadi kwenye molekuli. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ya wagonjwa hawa imeumbika tofauti na ya watu wengine, na miaka michache baadaye Vernon Ingram akabainisha kwamba tofauti yenyewe ni ya asidi amino moja tu, yaani valini kukaa mahali pa asidi ya glutamiki. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi uliokusanywa Afrika Mashariki kwamba mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Damu iliyofundisha ulimwengu somo hilo ilitolewa na watu wa ukanda wetu, lakini uchambuzi, majarida, shahada na vyeo vilivyotokana nayo vilikaa mbali, na kwa miongo mingi iliyofuata mtoto mwenye selimundu aliyezaliwa Musoma au Temeke aliendelea kufa kabla ya kutimiza miaka mitano bila hata kupimwa.

Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini Tanzania kila mwaka, idadi inayoiweka nchi yetu miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa zaidi duniani, pamoja na Nigeria, India na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa hiyo inapojadiliwa namna ya kujenga uwezo wa utafiti na mafunzo ya jenomiki, yaani sayansi ya kusoma na kuchambua vinasaba vyote vya kiumbe (jenomu), katika chuo cha tiba hapa nchini, ninaona ni sahihi mjadala uanzie kwenye selimundu na uanzie chuo cha Muhimbili, Dar es Salaam, kwa sababu hapo upo mfano uliokwisha kufanya kazi na ambao mafanikio yake na udhaifu wake vinaweza kukaguliwa.

Mwaka 2004 Muhimbili, ambayo wakati huo ilikuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianza kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu katika kundi moja la ufuatiliaji, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani. Kila mgonjwa alipewa namba yake, na chini ya namba hiyo yakaandikwa matokeo ya vipimo vya kila hudhurio, mara alizolazwa, damu aliyoongezewa, na pale alipofariki, kifo chake. Ni kazi ya ukarani, ya kuchosha, isiyopigwa picha na wageni wanaotembelea maabara. Lakini ndiyo iliyowezesha yote yaliyofuata. Mwaka 2011 jarida la Blood lilichapisha utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza kuhusu jeni zinazodhibiti himoglobini ya kijusi, na mwaka 2014 ukafuata uchunguzi wa jenomu nzima uliohusisha wagonjwa zaidi ya 1,000 wa Tanzania.

Umuhimu wa himoglobini ya kijusi unastahili kuelezwa, kwa kuwa unaonyesha jenomiki inavyoweza kugusa wodi. Mtoto anapokuwa tumboni hutumia himoglobini ambayo haina hitilafu ya selimundu. Baada ya kuzaliwa mwili huifunga taratibu na kuanza kutengeneza ile ya watu wazima, na ndiyo sababu dalili za ugonjwa huanza kuonekana mtoto anapokaribia nusu mwaka. Baadhi ya watu, kwa urithi, huendelea kuwa na kiasi kikubwa cha himoglobini ya kijusi hata ukubwani, na wagonjwa wa namna hiyo huumia kwa kiasi kidogo kuliko wengine. Jeni mojawapo inayoamua jambo hili ni BCL11A. Mwishoni mwa 2023, kwanza Uingereza na kisha Marekani, iliidhinishwa tiba ya Casgevy, inayohariri sehemu inayoiendesha jeni hiyohiyo ili mwili wa mgonjwa urudie kutengeneza himoglobini ya kijusi. Bei yake iliyotangazwa Marekani ni takriban dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Wagonjwa wa Muhimbili, kwa kukubali damu yao ichunguzwe, ni miongoni mwa waliothibitisha kwamba jeni hiyo ina athari kwa Waafrika wenye selimundu, nao hawana njia ya kuifikia tiba inayotokana nayo.

Wapo madaktari ninaowaheshimu wanaotumia ukweli huo kupinga uwekezaji wowote katika jenomiki. Wanasema kwamba mtoto wa Kitanzania anahitaji kwanza kupimwa akiwa mchanga, apewe penisilini, chanjo na haidroksiyurea, na kwamba fedha ya kusoma vinasaba ingenunua dawa hizo. Katika upangaji wa vipaumbele wana haki: kama bajeti ingelazimisha kuchagua kimojawapo, haidroksiyurea ingetangulia, na mtu yeyote anayeijua kliniki ya selimundu angechagua hivyo. Utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba dawa hiyo ni salama na inawafaa watoto wa Afrika hata katika maeneo yenye malaria. Hata hivyo, haidroksiyurea yenyewe hufanya kazi kwa kupandisha himoglobini ya kijusi, na wagonjwa hawaitikii kwa kiwango kimoja. Kujua ni nani ataitikia kwa dozi ndogo, na ni nani atahitaji kuongezewa, ni swali la kitabibu ambalo sehemu ya jibu lake imo katika vinasaba, na litajibiwa vizuri zaidi na watu wenye wagonjwa maelfu waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Wanaolinganisha dawa na utafiti kana kwamba kimoja hula mgao wa mwenzake wanasahau pia kwamba rejista, maabara na wauguzi wanaohitajika kwa ajili ya dawa ndio walewale wanaohitajika kwa ajili ya utafiti.

Kuhusu pengo la dunia katika taarifa za vinasaba nitapita haraka, kwa kuwa limeandikwa sana. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba takriban asilimia 78 ya watu waliohusishwa katika tafiti za kulinganisha jenomu na magonjwa walikuwa wa asili ya Ulaya, na Waafrika walikuwa kama asilimia 2. Mwaka uliofuata H3Africa, mradi wa utafiti wa vinasaba vya Waafrika, ulisoma jenomu za watu 426 tu kutoka jamii 50 za Afrika, ukakuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazijawahi kuorodheshwa popote. Hasara ya pengo hilo si ya Waafrika peke yao. Aina za jeni ya APOL1 zinazoongeza hatari ya ugonjwa wa figo zilibainishwa mwaka 2010 kwa watu wa asili ya Afrika, na dawa za kushusha lehemu zinazolenga protini ya PCSK9, ambazo leo hutumiwa na wagonjwa wa mataifa yote, zilipata msukumo mkubwa kutokana na mabadiliko ya jeni yaliyoonekana kwa Wamarekani Weusi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Uwezo uliojengwa Muhimbili, kama ulivyojengwa katika vyuo vingi vya Afrika, umejengwa juu ya fedha za miradi. H3Africa, iliyotangazwa mwaka 2010 na kugharimiwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani pamoja na Wellcome Trust ya Uingereza, ilidumu kwa takriban muongo mmoja na ikafungwa mwaka 2022. Ilifanya mema mengi: ilisomesha vijana, ilianzisha hifadhi za sampuli, ikaunganisha watafiti waliokuwa hawajuani. Mradi wa SPARCO, unaoratibu rejista ya selimundu ya nchi kadhaa za Afrika na ambao makao yake ni Muhimbili, nao umeendeshwa kwa fedha za Marekani tangu 2017. Kisha mwezi Mei 2025 taasisi hizohizo za Marekani zilitangaza kusitisha utoaji wa ruzuku zinazopitia kwa mtafiti wa Marekani kwenda kwa mshirika wa nchi nyingine hadi utakapowekwa utaratibu mpya. Kwa tangazo moja, mishahara ya watu katika maabara za Afrika, ambao hawakuwa na sauti yoyote katika siasa za Washington, ikawa mashakani.

Hapa ndipo lugha ya kujenga uwezo inapaswa kupimwa kwa vitabu vya ajira. Katika utumishi wa umma, mtu hudumu kazini kwa sababu nafasi yake imo katika ikama ya taasisi, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, ina muundo wa utumishi unaoonyesha atapandaje daraja, na imepata kibali cha ajira. Mhadhiri ana nafasi hiyo. Mteknolojia wa maabara anayo. Ofisa wa Tehama anayo. Mtaalamu wa bioinformatiki, yaani yule anayegeuza mabilioni ya herufi za vinasaba kuwa jibu ambalo daktari anaweza kulitumia, mara nyingi hana mahali anapoingia. Akiajiriwa kama mhadhiri msaidizi atapimwa kwa saa za kufundisha na makala alizoandika akiwa mwandishi wa kwanza, ilhali kazi yake halisi ni kuwezesha makala za wengine. Akiwekwa pamoja na maofisa wa Tehama atajikuta akishughulikia mtandao wa ofisi na barua pepe za wakuu wa idara. Kwa hiyo hubaki katika mkataba wa mradi, wa mwaka mmoja au miwili, na anapofika umri wa kuoa, kujenga na kusomesha watoto, hutafuta taasisi ya kigeni au shirika lisilo la kiserikali litakalompa uhakika. Simlaumu hata kidogo. Anayestahili kuulizwa ni mwajiri aliyemwona akisoma kwa miaka minane, akijua wazi kwamba siku mradi utakapokwisha hakuna kiti kitakachomsubiri.

Hali ni hiyohiyo kwa meneja wa hifadhi ya sampuli, ambaye akiondoka huondoka na kumbukumbu ya kisanduku gani kimo katika jokofu lipi, na kwa msimamizi wa takwimu za rejista. Hawa ni watu wachache. Chuo kizima cha tiba kingehitaji labda kumi au kumi na watano kwa kuanzia. Hazina ya nchi inayoweza kukopa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia kwa ajili ya mradi wa elimu ya juu wa HEET, ambao miongoni mwa mengine unaijengea Muhimbili majengo Mloganzila na Kigoma, haiwezi kushindwa na mishahara ya watu kumi na watano. Majengo ninayafurahia, kwa kuwa maabara haifai kunyeshewa mvua. Lakini jengo lisilo na ikama inayolingana nalo litasubiri mfadhili ajaye kulijaza.

Mitambo ya kusoma vinasaba huvutia macho zaidi, nayo ina mtego wake. Gharama ya kusoma jenomu ya mtu mmoja imeshuka kutoka takriban dola milioni 100 mwaka 2001 hadi chini ya dola 1,000, na viongozi wengi huishika habari hiyo kana kwamba bei ni moja kila mahali. Maabara ya Dar es Salaam hununua vitendanishi kupitia wakala, hulipia usafiri wa ndege katika ubaridi, husubiri kibali bandarini au uwanja wa ndege, na kwa kuwa muda wa matumizi wa vitendanishi ni mfupi, sehemu yake huharibika kabla ya kutumika. Mtambo ukikwama, fundi aliyeidhinishwa huenda akatoka nchi nyingine. Kwa sababu hiyo sioni dhambi yoyote chuo kikituma baadhi ya sampuli zisomwe katika maabara kubwa ya Nairobi au Afrika Kusini, mradi data zirudi, zihifadhiwe hapa na zichambuliwe na watu wa hapa. Uchambuzi ndio unaomfanya mtu kuwa mtafiti, nao unahitaji seva nzuri, umeme usiokatika na watu waliotulia kazini, vitu ambavyo ni nafuu kuliko kundi la mitambo mikubwa inayofanya kazi siku chache kwa mwezi.

Katika mafunzo, majirani wametuonyesha kwamba inawezekana. Makerere ilizindua mwaka 2019 kituo chake cha umahiri katika bioinformatiki. Taasisi ya icipe ya Nairobi na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi wameongoza mtandao wa mafunzo wa Afrika Mashariki katika fani hiyo. Na H3ABioNet, mtandao wa bioinformatiki wa H3Africa uliokuwa na makao Cape Town, kuanzia 2016 ulifundisha somo moja kwa wakati mmoja katika madarasa yaliyosambaa nchi nyingi, kila darasa likiwa na wakufunzi wake wa mahali hapo. Mfumo huo wa mwisho ninaupenda kwa sababu haumwondoi mwanafunzi kazini kwake wala hausubiri nchi iwe na maprofesa wote inaowahitaji.

Lakini chuo cha tiba kina wajibu ambao vituo vya bioinformatiki havina, nao ni kumwandaa daktari wa kawaida. Mwanafunzi wa shahada ya udaktari husoma miaka mitano, na genetiki huipata mapema, ndani ya baiolojia ya molekuli, akiwa hajamgusa mgonjwa; akifika wodini miaka miwili baadaye imebaki jina tu. Ningependa ifundishwe palepale penye ugonjwa: selimundu kliniki ya watoto, saratani ya titi ya kifamilia katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, upungufu wa kimeng'enya cha G6PD pale anapofundishwa kuagiza primakwini, dawa ya malaria inayoweza kuwabomolea damu wenye upungufu huo. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na hatua ya kwanza ya huduma hiyo ni kupima kama ndugu wa mtoto wanalingana naye katika jeni za HLA, zinazoamua kama mwili utaupokea uloto wa mtu mwingine. Daktari wa wilaya anayempeleka mtoto huko anapaswa kujua kwa nini ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi ya moja katika nne ya kulingana kikamilifu, na awaeleze wazazi kabla hawajauza shamba kwa ajili ya nauli.

Kuna eneo jingine la mafunzo ambalo linanitia wasiwasi kuliko yote, nalo ni ushauri nasaha wa kijenetiki. Watanzania wengi wamelisikia neno vinasaba kwa mara ya kwanza katika habari za baba kumkana mtoto na kupelekana kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Sasa chukua mtoto mchanga aliyekutwa na selimundu. Muuguzi anamweleza mama kwamba ugonjwa umetoka kwa wazazi wote wawili, na kwamba baba naye apimwe. Baba anapimwa, na jibu linaonyesha kwamba hana jeni hiyo. Aliyefunzwa anajua kwamba kabla ya kusema neno lolote kuna mambo ya kuhakiki: kosa la maabara, sampuli kubadilishana, au uwezekano kwamba mtoto ana selimundu pamoja na talasemia ya beta, kasoro nyingine ya kurithi ya himoglobini ambayo mzazi mmoja huipitisha bila kuonekana katika kipimo rahisi. Anajua pia ni taarifa gani ni ya mama, ipi ni ya baba na ipi ni ya mtoto, na kwamba mengi ya hayo yalipaswa kuelezwa na kukubaliwa kabla ya damu kutolewa. Asiyefunzwa anaweza kuvunja nyumba ndani ya dakika tano, na mtoto mgonjwa akakosa baba wa kumlipia dawa. Upimaji wa watoto wachanga unavyopanuka, matukio kama hayo yataongezeka. Stashahada au shahada ya uzamili ya ushauri wa kijenetiki, inayofundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza kwa wauguzi wenye uzoefu, ingekuwa na manufaa ya haraka kuliko mtambo wowote.

Suala la umiliki wa sampuli na taarifa nalo linataka watu wenye ujuzi ndani ya chuo. Tanzania ina sheria ya mwaka 2009 ya kusimamia vinasaba vya binadamu, ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ina utaratibu wa vibali vya maadili kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, NIMR. Hata hivyo mkataba wa kuhamisha sampuli huandikwa na wanasheria wa upande wenye fedha, na mtafiti wetu huusoma usiku wa mwisho kabla ya kuuwasilisha. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Stellenbosch kilidai kurejeshewa sampuli za vinasaba zilizokuwa Taasisi ya Sanger nchini Uingereza, kwa madai kwamba zilikuwa zikielekezwa katika matumizi ya kibiashara bila makubaliano stahiki, madai ambayo Sanger iliyakanusha. Mwenye haki yeyote awaye, mgogoro ule ulionyesha kwamba ridhaa ya mchangiaji na maneno ya mkataba vikiachwa na utata, anayekuja kuteseka ni chuo kilichokusanya damu hiyo na jamii iliyokiamini.

Kwa wanaotaka kuona faida kwa serikali kabla ya kufungua mkoba, watazame Kagera. Mabadiliko ya jeni ya vimelea vya malaria yanayoitwa R561H, yanayohusishwa na usugu dhidi ya dawa za atemisinini, yaliripotiwa Rwanda mwaka 2020, na baadaye uchunguzi wa molekuli unaoongozwa na NIMR ukayakuta kwa kiwango cha kutia hofu katika mkoa huo, hasa Karagwe. Taarifa hiyo iliwafikia wenye kupanga matumizi ya dawa kwa sababu kulikuwa na Watanzania waliojua kusoma vinasaba vya vimelea na kuvichambua. Watu wa namna hiyo lazima watoke katika chuo fulani, na sasa taasisi zinazowahitaji zinanyang'anyana hao wachache waliopo.

Uamuzi ninaouomba hauhitaji sera mpya wala kamati mpya. Muhimbili iandike katika maombi ya ikama ya mwaka wa fedha ujao nafasi za mtaalamu wa bioinformatiki, meneja wa hifadhi ya sampuli, msimamizi wa rejista na mshauri wa kijenetiki, kila moja ikiwa na muundo wake wa kupanda daraja. Ofisi inayosimamia utumishi wa umma iitambue miundo hiyo. Na Hazina itoe kibali hata kama ni kwa watu wanne wa kwanza. Kila mradi wa kigeni utakaosainiwa baada ya hapo uwe na kifungu kinachosema ni nafasi ipi kati ya inazogharimia itahamia katika malipo ya chuo, na mwaka gani. Kundi la wagonjwa lililoanza kuandikishwa mwaka 2004 lina watoto ambao sasa ni watu wazima, baadhi yao wakiwa na watoto wao wenyewe, na wanaendelea kuhudhuria kliniki. Taarifa zao za miaka zaidi ya ishirini hazipatikani kwa ununuzi mahali popote, na zitabaki na thamani mradi tu kuna mtu aliyeajiriwa kuzitunza mwezi ujao na mwezi utakaofuata.